Msikilizaji ambaye shule haiwezi kumwajiri

Miaka kadhaa iliyopita, mkoani Mwanza, niliandika ubaoni sentensi fupi kwa ajili ya darasa la pili: "Mama anapepeta mchele." Wote waliisoma. Wengine kwa kuimba, a-na-pe-pe-ta, wengine kwa mkupuo mmoja. Nikauliza, haya, mama anafanya nini? Kimya. Mmoja akasema anapika. Mwingine, tena kwa kujiamini, akasema anajipepea kwa sababu ya joto. Nilicheka, lakini jibu lile halikuwa la kijinga hata kidogo. Alisikia "pepea" ndani ya "pepeta" akabahatisha, na msomaji mzuri hubahatisha hivyo hivyo.

Nyuma kabisa mtoto mmoja akasimama bila kuitwa. Akanyoosha mikono kana kwamba ameshika kitu cha duara, akaanza kurusharusha na kupuliza. "Pumba zinaruka, mchele unabaki. Halafu unatoa mawe." Nani kakufundisha? "Bibi."

Sasa, mtoto yule hakuwa hodari wa kusoma. Sentensi ile aliimaliza wa mwisho. Nimefundisha madarasa ya chini kwa muda mrefu, na siku hizi nawasaidia walimu wenzangu katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ambazo tangu mwaka 2015 ndizo zimekuwa kiini cha mtaala wa darasa la kwanza na la pili hapa Tanzania. Katika miaka yote hiyo hakuna somo lililonifundisha kazi yangu kama ule ungo usiokuwepo.

Kiswahili kinatupendelea sana sisi walimu. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake ileile popote unapoikuta. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu, akapita salama kwenye "mbw" ya mbwa, "nyw" ya kunywa na ile ng' ya ng'ombe inayowatoa jasho, basi anaweza kutamka karibu neno lolote utakaloliandika. Mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza huhangaika muda mrefu zaidi kufika hapo. Ila urahisi huo una mtego. Mtoto wetu anaweza kusoma ukurasa mzima bila kukwama na asiambulie kitu, na mwalimu asigundue, kwa sababu masikio yake yameridhika.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka jambo hili katika hesabu ambayo naipenda kwa ufupi wake: kusoma ni uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa mara uwezo wa kuelewa lugha. Mara, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Shule inajitahidi upande wa kwanza. Upande wa pili, ule wa maneno na mambo yenyewe, mtoto huja nao kutoka nyumbani, na nyumbani mwenye hazina kubwa kuliko wote mara nyingi ni yule aliyekaa jikoni karibu na mafiga. Kinu, mchi, pumba, chenga, kutwanga, kuchekecha: maneno haya huwezi kumwonyesha mtoto kwa chaki yakamkaa. Yanamkaa akishika ungo akamwaga nusu ya mchele, bibi akafoka kidogo na kumwachia ajaribu tena.

Mwalimu mmoja kijana aliwahi kuniuliza: na bibi asiyejua Kiswahili vizuri je? Huku kwetu bibi wengi wanasimulia kwa Kisukuma. Nilimjibu kwamba mtoto anayejua jambo kwa Kisukuma anahitaji jina jipya tu. Mtoto asiyelijua jambo kabisa anahitaji jina na jambo lenyewe, na huo mzigo wa pili ndio mzito.

Lakini maneno peke yake hayatoshi kueleza kwa nini watoto wanaosoma na bibi au babu husoma kwa raha. Mimi naona siri iko kwenye utani. Mjukuu na bibi ni watani. Bibi anamwita mjukuu wa kiume "mume wangu", anamlalamikia kwamba hamletei sukari. Babu anamwambia mjukuu wa kike atauza ng'ombe wote amwoe. Mtoto akikosea kusoma mbele ya mama, mama anaona ada na sare zinapotea. Akikosea mbele yangu, anaona darasa zima limegeuka. Mbele ya bibi kosa linakuwa kichekesho cha wote wawili, kisha wanaendelea. Mtoto anayejifunza kusoma lazima akosee mara nyingi sana, kwa hiyo anahitaji mahali ambapo kukosea hakuna gharama. Shule haiwezi kumwajiri msikilizaji wa aina hiyo.

Nami niliwahi kumfukuza mmoja. Katika kikao cha wazazi bibi mmoja aliniambia kwamba mjukuu wake humsomea kila jioni, na yeye humrekebisha. Nikajua anasema "sungula", kwa kuwa huku r na l ni ndugu, na daftari la mtoto lilikuwa limejaa sungula. Nikamwambia, kwa adabu zote, "Bibi, mambo ya kusoma tuachie shule." Akaitikia, "Haya mwanangu." Hakurudi kikaoni tena, na mtoto akaacha kusoma nyumbani. Herufi moja, ambayo ningeirekebisha darasani ndani ya wiki mbili, niliilinda kwa kuivunja barza nzima ya jioni.

Tena sikuwa nimemuuliza yeye alijifunza wapi kusoma. Wengi wa bibi zetu walio na miaka sabini sasa walipita kwenye kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wasiojua kusoma, waliokuwa takriban asilimia 67 ya watu wazima mwaka 1967, walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975. Kanda hii ya Ziwa ilikuwa imekwisha kuanza kabla, kwa mradi wa UNESCO uliofungamanisha kusoma na kazi: watu walijifunza silabi kupitia kilimo cha pamba. Kwa hiyo bibi asomaye polepole, kidole kikifuata mstari, huenda ni mwanafunzi wa kampeni kubwa ya kitaifa, ambaye baadaye alikosa kitu cha kusoma.

Ndiyo maana sasa nawaomba walimu waanzie kwa bibi. Mtoto aende nyumbani aombe hadithi. Hadithi hadithi, hadithi njoo, halafu arudi nayo shuleni kichwani. Mwalimu aiandike kwa maneno yaleyale ya mtoto, kwenye karatasi za daftari zilizokunjwa katikati na kushonwa kwa uzi, mtoto achore picha. Kurasa sita zinatosha. Kijitabu hicho mtoto anakisoma haraka kuliko cha kiada, kwa sababu anajua kinachokuja mbele, na bibi anakipigania kwa kuwa ni chake. Ukikutana na sungula, andika sungura, usiseme kitu.

Mwaka jana nilimsindikiza mwanafunzi mmoja kwenda kumsomea bibi yake kijitabu cha namna hiyo. Tulipofika nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kuchambua maharage. Mtoto akasoma. Alipofika fisi anapoanguka kisimani, bibi akasema, "Rudia hapo."

Mtoto akanyamaza. Akanitazama mimi, akakitazama kitabu, akaanza kutafuta neno alilolikosea. Darasani kwangu "rudia" ina maana moja tu.

"Hujakosea, mume wangu," bibi akasema. "Nataka aanguke tena."