Kwa nini kisamvu hutwangwa kabla ya kupikwa?

Mchicha hukatwa ukatiwa sufuriani. Matembele huchambuliwa, yakaoshwa, yakapikwa. Kati ya mboga za majani zinazoliwa sana Unguja na Pemba, kisamvu ndicho kinachopitishwa kwenye kinu kwanza. Hata asiye na kinu hawezi kukwepa: sokoni kinauzwa kimeshatwangwa, kimefungwa kwenye vifuko, na mnunuzi akifika nyumbani kazi yake ni sufuria, kunde na nazi tu.

Ukiuliza sababu, utapewa mojawapo ya majibu mawili. La kwanza ni kwamba hutwangwa ili kilainike. La pili hutolewa na anayejua kwamba kisamvu kina sumu: sumu, atakwambia, inauawa na moto, na kinu ni cha ulaini tu.

Jibu la ulaini lina ukweli wake, kwa sababu jani la muhogo kweli ni gumu. Lakini majani ya kunde na ya maboga nayo si laini, na hayaendi kwenye kinu. Tena kisamvu kilichotwangwa hadi kikawa kama uji mzito bado hukaa motoni muda mrefu. Isitoshe, wachumaji huchagua vile vikonyo vichanga vya juu, ambavyo kwa ugumu havishindi mboga nyingine. Kama shida ingekuwa ulaini tu, wapishi wetu wangekwishapumzisha mikono zamani.

Jibu la moto ndilo linalohitaji kushughulikiwa, kwa sababu ni nusu ya kweli, na nusu hiyo inaificha nusu ya pili. Wengi wetu tumezoea kwamba kitu kibaya kikichemka kinakufa. Kwa vijidudu ni sawa: maji ya kisima yakichemka, vijidudu hufa. Sumu ya muhogo haina uhai wa kuuliwa. Ni kemikali, inaitwa linamarini, ambayo ndani yake imefungwa sianidi, yaani sumu yenyewe, na maji yanayochemka hayaivunji kwa urahisi. Mwaka 1978 watafiti waliochemsha vipande vya muhogo waliona jambo la ajabu: sianidi iliyokwishajitenga ilipotea upesi, asilimia 90 ndani ya dakika 15, lakini ile iliyokuwa bado imefungwa ndani ya linamarini ilipungua kwa asilimia 55 tu baada ya dakika 25. Na sehemu kubwa ya upungufu wa namna hii hutokana na linamarini kuyeyukia majini. Haifi, inahama.

Sasa basi, kinu kinafanya nini?

Fikiria mtu mwenye vifaa vya tambuu. Popoo iko kwenye kijaluba, chokaa iko kwenye kopo lake. Vinaweza kukaa hivyo mwezi mzima, kila kimoja na rangi yake, bila kutokea kitu. Popoo ikitafunwa peke yake haileti ule wekundu unaojulikana. Chokaa ikilambwa peke yake inaunguza ulimi tu. Lakini vikiwekwa kwenye jani moja na meno yakaanza kazi, mdomo mzima unakuwa mwekundu. Wekundu haukuwamo kwenye kijaluba wala kwenye kopo. Umetengenezwa na kutafuna.

Jani la muhogo limejipanga vivyo hivyo. Linamarini ndiyo popoo: imehifadhiwa katikati ya kila seli, kwenye kifuko chake. Chokaa ni kimeng'enya, yaani kichocheo cha kuvunja kemikali, kiitwacho linamarasi, ambacho kimewekwa kwenye ukuta wa seli. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani, na jani halijidhuru. Mdudu akilitafuna, ukuta na kifuko vinapasuka, popoo inakutana na chokaa, na linamarini inavunjika vipande: kwanza sukari ya glukosi inajitenga, kisha kinachobaki kinavunjika kuwa asetoni na sianidi. Kwa mdudu ni adhabu ya papo hapo.

Mchi unafanya kazi ya meno. Kila pigo linapasua seli na kuzichanganya, na jani lenyewe linaanza kuvunja linamarini yake. Hapa ndipo penye kioja: anayetwanga kisamvu haiondoi sumu, anaitengeneza. Kabla ya kutwangwa, sianidi huru ndani ya jani ni kidogo sana. Baada ya kutwangwa ndiyo inajaa. Lakini ni afadhali iwe nje ya tumbo kuliko ndani yake, kwani sianidi ikishajitenga haina subira. Huanza kuchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi za Selsiasi, yaani chini ya joto la mchana wa kawaida wa Unguja. Sehemu yake inapotea hewani kinu kikiwa bado kwenye kivuli cha mwembe, na inayobaki inafukuzwa na moto mara tu sufuria inapopata joto. Hii ndiyo nusu ya kweli katika lile jibu la moto: moto unamaliza kazi ambayo kinu kimeianza.

Ukigeuza mpangilio, moto kwanza na kinu baadaye, mambo yanaharibika. Linamarasi, kama vimeng'enya vingi, haistahimili joto. Kwenye nyuzi 70 na kitu inakuwa imeshapoteza nguvu. Majani mazima yakitumbukizwa kwenye maji yanayochemka, chokaa inamwagwa na popoo inabaki. Twanga baadaye upendavyo, hakuna tena cha kuivunja linamarini. Italiwa ikiwa nzima. Sehemu itatoka na mkojo bila kubadilika, na sehemu itavunjwa na bakteria wa utumboni, mahali ambapo hakuna upepo wa kuipeperusha sianidi.

Kwa hiyo mapishi yenye mantiki ni haya: twanga sana, usiharakishe kupeleka motoni, kisha chemsha bila kufunika mwanzoni ili mvuke upate njia. Anayetwanga asubuhi na kupika mchana anakipa kimeng'enya muda wa ziada wa kufanya kazi, hata kama sababu yake ni kwamba alikuwa na nguo za kufua. Wanaomwaga maji ya mchemsho wa kwanza nao wanapunguza linamarini iliyonusurika kwenye mchi, ingawa wanamwaga na baadhi ya vitamini. Tui linakuja mwishoni: jepesi kwanza, zito baadaye. Kuhusu blenda, kanuni ni ileile, kupasua seli. Ila blenda inayokatakata kwa nusu dakika na kuacha vipande vya jani vinavyoonekana haijapasua kama mchi unavyosaga. Iache izunguke mpaka uji uwe mwororo.

Mtu anaweza kuuliza: mbona muhogo wenyewe hatuutwangi? Wa futari tunaumenya, tunaukata, tunauchemsha, tunautia nazi, na hakuna anayedhurika. Sababu ni kwamba tunaoupika hivyo ni muhogo mtamu, ambao nyama yake ina sumu kidogo, na sehemu kubwa zaidi iko kwenye ganda tunalolitupa. Kwa desturi ya wataalamu, muhogo huhesabiwa kuwa mtamu ukiwa na chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo ya muhogo mbichi. Majani ni hesabu nyingine. Hata mmea wa muhogo mtamu una majani yenye sumu kuliko nyama ya mzizi wake, na yale machanga tunayoyapenda kwa kawaida huyazidi makuukuu kwa sumu. Utamu wa mzizi haukupi ruhusa ya kuchemsha majani mazima.

Ulimi nao si mpimaji wa kuaminika sana. Uchungu na sumu huandamana mara nyingi, si mara zote. Ukame pia huongeza linamarini kwenye mmea, jambo la kukumbuka kwa kuwa muhogo unapendwa kwenye ardhi ya maweni ya kusini na mashariki ya Unguja kwa sababu hiyohiyo ya kuvumilia jua. Wakati wa kaskazi, mchicha unapokauka bustanini, kisamvu bado kipo na bei yake haipandi sana. Huo si wakati wa kufupisha kazi ya kinu.

Jinsi mambo yanavyokuwa pakitokea kufupisha ilionekana Nampula, kaskazini ya Msumbiji, mwaka 1981. Ukame uliwabakisha watu na muhogo mchungu karibu peke yake, na njaa haikuwapa siku za kuuanika na kuukausha inavyotakiwa. Zaidi ya watu elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafla, na hawakupata tena miguu yao ya zamani. Daktari wa Sweden, Hans Rosling, aliyekuwa akifanya kazi Nacala, alikuwa miongoni mwa walioichunguza. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Uliwapata kwa mzizi, si kwa kisamvu, na ulihitaji mambo mawili pamoja: sumu nyingi kwa wiki kadhaa, na chakula kisicho na protini ya kutosha. Mwili una njia yake ya kuigeuza sianidi kuwa kitu chenye madhara madogo, lakini kazi hiyo inataka salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini. Mwenye dagaa au samaki kando ya sahani yake yuko mbali na hali ile.

Limebaki la magadi. Wapishi wengine hutia chembe ili kisamvu kiive upesi. Kikemia kuna kitu hapo: ile hatua ya mwisho, ambapo sianidi inajitenga na asetoni, huenda mbio zaidi kwenye maji yasiyo na uchachu, na magadi yanasukuma maji upande huo. Lakini magadi hayaigusi linamarini nzima. Kwenye majani yasiyotwangwa yatakupa ulaini na rangi nzuri ya kijani, basi.