"Wakili, Tumeelewana, Tufutie Kesi"

Watu wengi wanaonipigia simu kuhusu kesi za kupigana au kuvunjiana mali huwa tayari wameshakaa kwa mzee wa mtaa. Pesa zimetoka, karatasi imeandikwa, mashahidi wameweka sahihi. Kilichobaki, wanadhani, ni wakili kufuta kesi. Wakili hana uwezo huo, na mlalamishi peke yake hana pia. Mashtaka yakishasomwa, kesi ni ya Jamhuri na mlalamishi ni shahidi, hata kama jino lililong'oka ni lake.

Njia ya suluhu ipo, tena ya kisheria. Kifungu cha 159 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinazitaka mahakama ziendeleze maridhiano, upatanishi na njia za jadi za kumaliza migogoro. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ambacho ni cha zamani kuliko Katiba hiyo, kinamruhusu hakimu kuwapatanisha watu katika shambulio la kawaida au kosa jingine la kibinafsi lisilo zito, kwa fidia au kwa masharti atakayoyakubali, kisha aimalize kesi. Na tangu 2019 afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ina sera ya kumwondoa mshukiwa kwenye mkondo wa mahakama, watu wazima wakiwemo, mradi akiri kosa kwa hiari yake.

Vikao vingi huharibika kwa sababu vinaanza na pesa. Nakumbuka kimoja (nimebadilisha mambo kadhaa ili wahusika wasijulikane) cha dereva wa tuktuk aliyempiga kofi mama muuza viazi karai na bajia karibu na Kongowea, hapa Mombasa, akaipindua meza yake. Jamaa za kijana walikuja na bahasha. Kabla hata salamu hazijakwisha, ami yake akaiweka mezani. Nikamwomba airudishe mfukoni, nikampa mama nafasi ya kusema kwanza.

"Wanijua mimi?" akamuuliza kijana. "Kila jioni wapita hapa. Nalikukosa nini hata unitie kofi mbele ya mwanangu?"

Ami akataka kujibu. Nikamzuia, swali halikuwa lake. Kijana alikaa kimya muda mrefu, mwisho akasema siku ile pesa za tajiri mwenye tuktuk hazikutimia, na mama alipomwambia aondoe tuktuk mbele ya meza, vijana wa stendi wakamcheka.

"Basi deni la tajiri wako ukaja kunilipa mimi," mama akasema.

Hapo ndipo kikao kilipoanza. Mama alitaka gharama za hospitali, meza, na mauzo ya siku alizokaa nyumbani. Lakini alilolishikilia zaidi lilikuwa jingine: kijana aje aombe radhi palepale alipompiga, jioni wateja wakiwepo, na mtoto akisikia. Hakimu angeweza kumfunga kijana huyu gereza la Shimo la Tewa na mama asipate hata moja kati ya hayo. Isitoshe, mahakamani kijana angeshauriwa anyamaze, na mama angejibu maswali badala ya kuyauliza.

Sasa mipaka. Kwanza, Kadhi. Hapa Mombasa wapo wanaompelekea kesi ya kupigana, na namheshimu sana, lakini Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu. Jinai haimo. Pili, makosa mazito. Mtoto akinajisiwa, wazee wakae, pesa zipokewe na mambo yazimwe: hiyo si suluhu, ni kosa jipya kwa waliopokea. Mauaji nayo? Mwaka 2013 Mahakama Kuu Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia kupatana kwa ngamia na mbuzi. Miaka mitatu baadaye ombi kama hilo lilikataliwa. Mimi niko upande wa waliokataa.

Tatu, mke aliyepigwa na mumewe. Hapo siiti kikao kabla sijazungumza naye peke yake, mbali na mawifi na wakwe, maana "nimemsamehe" nyingine imesemwa na mtu asiye na pa kwenda kulala.

Mkishapatana kwa haki, angalieni kesi inaondolewa kwa kifungu kipi. Mlalamishi akiondoa malalamiko yake kwa kifungu cha 204 cha sheria ileile ya mwenendo wa kesi za jinai, kwa idhini ya mahakama, mshtakiwa anaachiliwa huru kabisa. Kiongozi wa mashtaka akiiondoa kwa kifungu cha 87(a) kabla ya utetezi kuanza, mshtakiwa anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Familia nyingi husherehekea nje ya korti bila kuuliza ni kipi.

Mlalamishi aje kortini mwenyewe siku ya kutajwa kesi, asitume karatasi. Hakimu atataka kusikia kwa kinywa chake kama alilipwa walichokubaliana, na kama kuna aliyemtisha.