Karafuu Zisizofika Mizanini

Kila nikirudi Wete, kisiwani Pemba, ami yangu huniuliza lile lile barazani: "Mwanangu, si wewe mchumi? Karafuu msimu huu watanunua kwa kiasi gani?" Nami humjibu kwamba sijui. Mchumi wa chuo kikuu mara nyingi hatabiri bei. Hushika swali moja akakaa nalo miaka. Michael Kremer na Edward Miguel walishika dawa za minyoo katika skuli za Busia, Kenya. Elinor Ostrom alishika misitu, maji na uvuvi unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mimi nimeshika mnunuzi mmoja.

Soko la namna hiyo Joan Robinson wa Cambridge aliliita monopsoni mwaka 1933. Asili yake ni Kigiriki, na ndani yake mna maana ya kununua kitoweo. Fikiria diko lenye ngarawa arubaini na mchuuzi mmoja. Karafuu zetu zimelijua hilo zamani: 1937 serikali ya kikoloni ilikipa chama cha wakulima wa karafuu mamlaka ya ununuzi, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na India, mteja mkubwa, ikasusia mpaka yakapatikana maafikiano 1938. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, mnunuzi wangu mmoja, lilikuja 1968.

Mnunuzi wa peke yake akitaka kilo zaidi, hana budi kupandisha bei, na bei hiyo atailipa hata kwa kilo ambazo angezipata kwa chini. Basi humfaa kununua kidogo na kulipa kidogo. Lakini nadharia inamchukulia muuzaji kuwa hana pengine pa kwenda, na Mpemba ana bahari. Shimoni, upande wa Kenya, haiko mbali kwa mashua ya usiku.

Hapa ndipo panaponikosesha usingizi. Takwimu tulizonazo ni za karafuu zilizofika mizanini. Za magendo hazimo, wala zilizoachwa mtini kwa kuwa bei haitoshi kumlipa mchumaji pishi zake. Ukizisoma kama mavuno utasema mikarafuu imezeeka, kumbe kilichoanguka ni bei. Tena mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwakani hupumzika. Utayatenganishaje haya matatu?

Njia yangu ni kulinganisha vituo vya kununulia. Kituo cha pwani na cha ndani hupata msimu ule ule, na mikarafuu ya rika moja. Bei ikishuka, na cha pwani kikapungukiwa zaidi, uzee na mapumziko ya miti havitoshi kuwa sababu; magendo yamo. Naiamini njia hii kuliko hesabu za kisiwa kizima.

Nilipomweleza ami, akataka kujua nimechagua vituo gani. Nikamtajia. "Hicho cha pwani," akasema, "kina foleni fupi. Watu wa ndani nao huzipeleka huko."

Nimeanza kuvichagua upya.