Je, wajua kwa nini mwenye nyumba Marekani hukupa kijitabu cha rangi kabla hujasaini mkataba?

Ukipanga nyumba ya zamani Marekani, katikati ya makaratasi ya mkataba utakuta ukurasa mmoja unaozungumzia rangi ya ukutani. Una visanduku vya kuwekea tiki na nafasi ya kuandika herufi za kwanza za jina lako, na pamoja nao unakabidhiwa kijitabu. Nimekaa kwenye meza hiyo mara nyingi nikiwakalimania watu waliotoka Kongo kupitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, na karibu kila mara naulizwa: "Rangi inahusu nini hapa? Sisi tunataka funguo."

Inahusu risasi. Ni madini yale yale yanayotengeneza risasi ya bunduki, na ndiyo maana kwa Kiswahili neno ni moja. Kwa miongo mingi viwanda viliyachanganya kwenye rangi kwa sababu yalifaa kazi: rangi ilifunika vizuri, ilikauka haraka na kustahimili unyevu. Kwa hiyo ilipakwa sana mahali panapoguswa na kuloa, kama vile milangoni, madirishani, jikoni na barazani. Hatari yake haikuwa siri. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika rangi za ndani ya majengo. Marekani haikuuridhia, na rangi hiyo ikaendelea kupakwa majumbani hadi ilipopigwa marufuku mwaka 1978.

Marufuku ile ilizuia makopo mapya tu. Rangi iliyokwisha kupakwa ilibaki pale pale, ikafunikwa na rangi nyingine, na nyingine juu yake. Hadi leo nyumba zaidi ya milioni 30 nchini humo bado zina rangi yenye risasi mahali fulani.

Tatizo huanzia dirishani. Madirisha ya zamani Marekani hupandishwa na kushushwa ndani ya fremu ya mbao, mbao ikisuguana na mbao. Kila ukifungua, rangi inasagika na kuwa vumbi laini linalotua kwenye kizingiti, kisha sakafuni. Mtoto anayetambaa anaweka viganja kwenye vumbi hilo, na viganja vinaishia mdomoni. Rangi ikianza kubabuka, vipande vyake vina ladha ya utamu kidogo, na mtoto hana sababu ya kuvitema. Mwili huidhania risasi kuwa kalisi, madini yanayojenga mifupa, ukaiweka mifupani na kuiruhusu ifike kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi iliyoingia tumboni mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Madhara huonekana miaka kadhaa baadaye, darasani, anaposhindwa kutulia au kusoma.

Sasa sheria. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupunguza hatari ya rangi hiyo majumbani, na kanuni za upangishaji zikaanza kutumika mwaka 1996. Kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, kabla mpangaji hajafungwa na mkataba, mwenye nyumba lazima ampe kijitabu cha shirika la serikali la mazingira, EPA, amweleze anachokijua kuhusu risasi ndani ya nyumba, na amkabidhi ripoti zozote za vipimo alizonazo. Mkataba uwe na maneno ya onyo na saini za pande zote, na nakala ihifadhiwe miaka 3. Wapo wanaosamehewa: mikataba ya siku 100 au chini isiyoongezwa, nyumba za wazee ambamo hakuna mtoto wa chini ya miaka 6, na nyumba ambazo mkaguzi mwenye kibali amezipima akakuta hazina risasi.

Kwamba karatasi hii ni jambo la uhai na kifo, ilionekana Manchester, jiji la jimbo la New Hampshire, mwaka 2000. Familia ya wakimbizi wa Sudan ilifika huko kutoka Misri ikiwa na binti wa miaka 2, ikapanga katika nyumba ya zamani. Wiki chache baadaye mtoto akashikwa na homa na kutapika. Mwanzoni ikadhaniwa ni maambukizi ya koo, akapewa dawa akarudishwa nyumbani. Mwezi Aprili alifariki. Damu yake ilikutwa na risasi mikrogramu 391 kwa desilita. Leo idara ya afya ya Marekani hutaka hatua zichukuliwe kwa mtoto kuanzia 3.5. Msimamizi wa nyumba ile akawa mtu wa kwanza nchini humo kushtakiwa kwa jinai kwa kutowapa wapangaji onyo la risasi. Alikiri, pamoja na kosa la kuwadanganya maafisa waliokuwa wakipeleleza, akahukumiwa miezi 15 jela.

Binti yule alikuwa amevuka salama hatari nyingi kabla ya kufika pale. Kila ninapofungua ukurasa ule wa rangi mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni, ninamkumbuka.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kanuni inasema onyo liandikwe kwa lugha ya mkataba. Mkataba ukiwa wa Kiingereza, onyo nalo ni la Kiingereza, hata kama anayesaini hajui neno lake hata moja. Kwa hiyo usione haya kusema, "Naomba nisomewe kwanza." Ukurasa huo ni mfupi, hauchukui hata dakika tano.

Na ukisomewa, sikiliza hasa visanduku vya mwenye nyumba. Kuhusu rangi, viko viwili: "najua kuna rangi yenye risasi" au "sina habari nayo." Kuhusu ripoti, tena viwili: "nimempa mpangaji ripoti zote" au "sina ripoti." Mikataba mingi niliyoishika ina tiki kwenye "sina habari" na "sina ripoti." Familia ikisikia hivyo inashusha pumzi, ikidhani nyumba ni safi. Sivyo. Sheria ya taifa haimlazimishi mwenye nyumba kupima wala kubandua rangi. Inamtaka aseme anachokijua tu. Asiyepima hana cha kusema, na hajavunja sheria. Kwa macho yangu hili ndilo tundu kubwa la sheria hii, kwa sababu linamwacha mtu astarehe kwa kutojua, huku anayebeba gharama ya kutojua kwake ni mtoto wa mpangaji.

Baadhi ya majimbo na miji haikuridhika na hilo. Massachusetts, kwa sheria yake ya tangu 1971, inamtaka mwenye nyumba aondoe au adhibiti hatari ya risasi mahali anapoishi mtoto wa chini ya miaka 6, na inamkataza kuinyima nyumba familia kwa sababu ina mtoto. Jiji la New York, kwa majengo ya vyumba vya kupangisha yaliyojengwa kabla ya 1960, huchukulia kwamba rangi ina risasi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kila Januari wapangaji huulizwa kwa maandishi kama wana mtoto mdogo. Usiitupe karatasi hiyo. Rochester, jiji jingine la jimbo la New York, nayo tangu 2006 hukagua risasi katika nyumba za kupanga.

Popote ulipo, uliza mwaka nyumba ilipojengwa. Pandisha dirisha mwenyewe, upitishe kidole kwenye kizingiti. Tazama kama rangi imepasuka vipande vipande kama tope la mbuga wakati wa kiangazi. Ukishahamia, usifagie kwa ufagio mkavu, maana unalirusha vumbi juu. Piga deki, sakafu na vizingiti vya madirisha, na mtoto anawe mikono kabla ya kula. Mpeleke akapimwe damu. Watoto wakimbizi hushauriwa kupimwa wanapofika, na wale wadogo warudiwe baada ya miezi 3 hadi 6, kwa sababu New Hampshire walionekana watoto waliokuwa salama walipofika, kisha risasi ikapanda wakiwa tayari wanaishi Marekani.

Na kama mwenye nyumba hakukupa kijitabu wala ukurasa ule? Mkataba haufutiki kwa hilo peke yake, lakini unaweza kumripoti EPA, na ukipata madhara, mahakama inaweza kumtoza hadi mara tatu ya hasara uliyopata, ikiwa alikiuka sheria kwa makusudi.

Liko pia jambo ambalo mpangaji anaweza kulifanya na likabaki baada yake. Nyumba ikipimwa, iwe ni na idara ya afya au na mkaguzi uliyemlipa, mpelekee mwenye nyumba nakala ya majibu kwa barua au baruapepe, nawe ubaki na ushahidi kwamba umetuma. Risasi ikiwa imeonekana, tangu siku hiyo hawezi tena kuweka tiki kwenye "sina habari." Familia itakayokuja baada yenu lazima ikabidhiwe ripoti ile kabla ya kusaini.