Kumtaja shemeji si kujitoa kwenye tenda

Wiki jana kontrakta mmoja aliniletea zabuni ya mitaro ya maji ya mvua ofisini niikague, hapa katikati ya jiji. Imeshafungwa spairo, kurasa zimepigwa namba hadi ya mwisho. Nikaenda moja kwa moja kwenye fomu ya kutangaza mgongano wa maslahi, maana siku hizi ndiko ninakoanzia. Alikuwa ameandika HAPANA safu ya kwanza, akavuta mstari wa kalamu mpaka chini. Nikamuuliza: na yule shemeji yako, ndugu ya mkeo, aliye idara ya uhandisi huko huko mnakoomba kazi? Akanipa jibu ambalo nimelisikia mwaka huu hadi nimechoka: "Nikimwandika si nitakuwa nimejitoa mwenyewe?"

Hapana. Tafadhalini, isomeni fomu.

Maswali yake hayana uzito sawa. Kama wewe na mzabuni mwenzako kwenye tenda hiyo hiyo mna mmiliki mmoja, au kampuni yenu nyingine ndiyo iliyochora ramani za kazi unayoomba, maelezo hayatakusaidia. Okoa pesa zako. Lakini swali la undugu limeandikwa tofauti. Maelekezo kwa wazabuni yanasema uhusiano wa karibu, wa kibiashara au wa kifamilia, na mtumishi anayeandaa hati, anayetathmini au atakayesimamia kazi ni mgongano, isipokuwa uwe umetatuliwa kwa namna ambayo taasisi inayotoa tenda imeikubali, katika zabuni na muda wote wa mkataba. Ndiyo maana neno "isipokuwa" likawekwa. Sasa taasisi itatatua vipi jambo ambalo wewe umeapa kwamba halipo?

Na kulitatua si kazi ngumu. Kifungu cha 66 cha sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya 2015 kinamkataza mtumishi mwenye mgongano kushiriki katika mchakato, na mkataba ukishatiwa saini kinamkataza kushiriki katika uamuzi wowote unaouhusu. Anatangaza, anakaa kando, wengine wanaendelea. Kifungu hicho hicho kinataja ndugu wa mke au wa mume kuwa jamaa. Kwa hiyo usiniambie shemeji ni mtu wa mbali.

Mtumishi mwenyewe akiwa na hisa kwenye kampuni yako, hilo ni jambo jingine, na zito zaidi. Tangu kanuni za 2020 za wamiliki halisi, yaani watu wenyewe walio nyuma ya kampuni, asilimia 10 ya hisa yatosha jina lake kuhitajika kwenye rejista ya wamiliki hao.

Kinachoniumiza zaidi ni kinachotokea baada ya barua ya ushindi. Watu hudhani fomu imemaliza kazi yake. Mwezi wa pili shemeji yuko mipango. Mwezi wa nane anahamishiwa usimamizi wa miradi, na sasa ndiye anayeshika utepe kupima urefu wa mtaro wako na kutia saini cheti cha malipo. Huo ni mgongano mpya, hata kama mwanzoni ulijibu kwa haki. Andika barua siku unayopata habari. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa mbele yako, urudi nayo kwenye faili. Usingoje mkaguzi aikute sahihi yake kwenye vyeti vitatu.

Tena mambo yamebadilika. Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyotiwa saini Julai 2025 na kuchukua nafasi ya ile ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003, inamdai mtumishi naye atangaze. Shemeji akikutaja kazini kwake, na wewe umevuta mstari wa HAPANA, kuna karatasi mbili zinazopingana, na iliyo na sahihi yako ndiyo ya uongo. Kufungiwa tenda za serikali, kukitolewa, hakupungui miaka 3.

Siwezi kuficha kwamba nimeona kamati ya tathmini ikimtupa mzabuni aliyesema ukweli, kwa woga tu. Ana siku 14 za kwenda Bodi ya Rufaa, inayosikiliza malalamiko ya tenda, lakini kwa tenda ndogo gharama humkatisha tamaa. Na neno "karibu" hunisumbua hata mimi. Binamu je? Mpwa wa mkeo uliyemlea nyumbani kwako toka darasa la kwanza? Orodha ya jamaa kwenye sheria haimtaji. Mimi humwambia mteja amwandike, ingawa sina kifungu cha kumwonyesha.

Yule kontrakta alikaa kimya muda mrefu, akampigia mkewe simu, wakaongea. Kisha tukafungua spairo, tukachapa ukurasa ule upya. Akaandika NDIYO kwenye safu mbili, na mbele yake jina la shemeji, cheo chake, na ombi kwamba asihusishwe na tathmini wala usimamizi. Tukarudisha ukurasa mahali pake, kwa namba ile ile.