Msiseme kava imeharibu kabla hamjasikiliza zote mbili

Juzi tena. Kijana kaweka klipu ya kava, yaani wimbo wa mtu mwingine kauimba upya, anaimba Malaika na gitaa moja, kaimba vizuri tu, halafu chini yake watu wamejaa: umeharibu, Malaika ni ya Miriam Makeba bwana, orijino haiguswi. Nimechoka. Mimi kazi yangu ni kutoa nyimbo kwenye santuri na kaseti za zamani na kuziingiza kwenye kompyuta, nashinda na hizi rekodi sikioni, na hakuna wimbo unaoletewa ubishi kama huu, kwa hiyo leo naandika yote mara moja, atakayeniuliza tena namtumia linki.

Makeba, yule mwimbaji wa Afrika Kusini, hakuwa wa kwanza. Aliyeurekodi kwanza ni Fadhili William wa Taita, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 60. Toleo la Makeba lililotamba Marekani limo kwenye albamu aliyofanya na mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte mwaka 1965, ile iliyochukua Grammy mwaka uliofuata. Boney M, kundi la disko la Ulaya, wakaja na lao 1981, Angelique Kidjo wa Benin 1991 kwenye albamu yake ya Logozo. Hapo hamna mjadala.

Mjadala uko kwenye utunzi. Adam Salim, Mtanzania, alisema wimbo ni wake na aliutunga 1945, wapo wanaomtaja Grant Charo, na Fadhili naye alisema ni wake. Vitabu na makasha ya CD huandika jina moja wakapita, mimi siwezi, kwa sababu kurekodi kwanza na kutunga ni vitu viwili, na wimbo uliozunguka miaka mingi kwenye magitaa ya watu kabla ya kuingia studio hauachi risiti. Kwa hiyo ukiniambia orijino nakuuliza orijino ya nini, utunzi au rekodi? Kama ni rekodi nakupa ya Fadhili. Kama ni utunzi tukae chini, na tutakaa sana.

Sasa lile linalonikera hasa. Watu wanasema Boney M waliua wimbo kwa sababu waliufanya wa disko, wakati ni wimbo wa huzuni, mwanamume anampenda mtu na hana mali ya kumuoa, huwezi kuuchezesha. Maneno ni ya huzuni, sawa. Lakini nenda kasikilize rekodi ya Fadhili, isikilize kweli, usiikumbuke. Ina mwendo! Gitaa linarukaruka, besi inatembea, bendi inapiga kwa ajili ya watu waliosimama ukumbini wakiwa na wenza wao, na Fadhili mwenyewe anaimba kwa sauti laini kama anayezungumza, halii popote. Ile huzuni mnayoililia, ule mwendo wa taratibu, zile pumzi ndefu kati ya mstari na mstari mpaka unahisi mtu anatafuta neno, hiyo kaileta Makeba. Yaani kitu mnachokiita roho ya wimbo kimetoka kwenye kava, halafu mnakichukua kuzipigia kava nyingine, na mkija kuisikia ya kwanza mnasema mbona ya haraka.

Kwa hiyo Boney M kuweka biti ya kuchezea si kosa, biti ya kuchezea ilikuwepo tangu mwanzo. Malalamiko yangu kwao ni mengine. Kwa Fadhili gitaa linajibu sauti, anaimba mstari, gitaa linasema lake, anarudi. Wimbo wenyewe una kodi chache tu, yaani nota zinazopigwa pamoja, ambazo hata anayejifunza gitaa anazipata, kwa hiyo kazi yote iko kwenye yale majibu. Ukijaza kila nafasi na kwaya na kinanda, mwimbaji hana wa kuongea naye. Hiyo ndiyo hasara, na huioni ukiwa umeshika neno disko tu. Tena Makeba na Kidjo ni wanawake wanaoimba maneno ya mwanamume asiye na mahari, hawakuyabadilisha, na sijamsikia hata mmoja wenu akilalamika kwamba wimbo umeharibika hapo. Sauti ikibeba, watu wanapokea.

Haya, na namna mnavyolinganisha. Kwanza sawazisheni sauti. Rekodi mpya zinatengenezwa kwa sauti kubwa kuliko za zamani, na sikio la binadamu likipewa vitu viwili huchagua chenye sauti ya juu kidogo likidhani ni kizuri zaidi, hata mimi na kazi yangu hii. Punguza ile ya juu mpaka zilingane ndipo useme.

Pili, msiniambie fulani kaimba juu kuliko fulani kwa kusikiliza faili la kwenye simu. Santuri tunazoziita 78 si zote zilirekodiwa kwenye mizunguko 78 kamili kwa dakika, na aliyeihamisha huenda pleya yake ilikuwa inakwenda mbio au inasuasua. Tofauti ya asilimia 6 hivi ya mwendo inahamisha wimbo mzima nusu toni, na kasi ya wimbo nayo inabadilika, kwa hiyo unasikia mwimbaji mwenye sauti nyembamba anayeimba kwa haraka kumbe ni mtambo. Mimi nikipata santuri natafuta ala ambayo najua inatuniwa wapi, nairudisha hapo, na bado nabaki na wasiwasi, manake bendi zenyewe zilikuwa zikituni kwa kusikilizana, hazikuwa na kipimo. Faili nyingi nilizowahi kutoa siwezi kuapa kwamba kii yake, yaani kimo cha sauti wimbo ulipopigiwa, ndiyo ile iliyopigwa siku hiyo.

Tatu ni urefu. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na upande mmoja wa santuri ulikuwa unabeba dakika tatu na kidogo. Taarabu ya barazani haina dakika tatu. Basi ukimsikia Bi Kidude, aliyezichukua nyimbo za Siti kama Muhogo wa Jang'ombe, anaivuta na kuirudia na ngoma chini yake, usikimbilie kusema kaongeza mambo. Inawezekana kabisa yule wa kava ndiye aliyeupa wimbo nafasi yake na santuri ndiyo iliyoukata. Hivyo hivyo kwenye rumba za santuri ndogo za mizunguko 45: wimbo uligawanywa, maneno upande A, sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, upande B, redio ikapiga upande A miaka nenda rudi, leo bendi ikiupiga wote mtu anasema wamebandika sebene. Geuza santuri!

Na kulinganisha kuna faida ya pesa, si ubishi wa mitandaoni tu. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo wake Mbube Johannesburg mwaka 1939 na haki zake zikaenda kwa shilingi 10. Kundi la The Weavers wakautoa Marekani, ukavuma 1952, kisha kundi jingine, The Tokens, 1961 wakautia maneno ya Kiingereza ya simba aliyelala. Sasa sikiliza ya Linda mpaka mwisho kabisa, anapopanda na sauti ya juu akibuni papo hapo. Ule mstari ndio The Tokens waliouwekea maneno, nota kwa nota karibu. Linda alikufa 1962 bila utajiri wowote, na familia yake ilikuja kupata makubaliano 2006. Anayesikiliza kava peke yake hawezi kujua nani anamdai nani.

Mtaniuliza mwenyewe nachagua Malaika ipi. Usiku nikiwa peke yangu naweka ya Makeba, siwezi kukataa. Lakini mpiga gitaa akija kwangu anataka kujifunza wimbo huu namwekea ya Fadhili, namwambia asahau sauti kwanza, afuate gitaa lile la kujibu tangu mwanzo mpaka mwisho, ahesabu mangapi linayasema na mara ngapi linanyamaza.