Je, wajua kwa nini mtaa usio na wezi unaweza kujaa hofu ya wezi?

Oktoba 2023 shirika la kura za maoni la Gallup liliwauliza Wamarekani kuhusu uhalifu. Asilimia 63 walijibu kwamba uhalifu nchini mwao ni tatizo kubwa mno. Walipoulizwa kuhusu eneo wanaloishi wenyewe, waliosema hivyo walikuwa asilimia 17. Tena, watu 77 katika kila 100 walisema uhalifu nchini umeongezeka kuliko mwaka uliotangulia. Mwaka huohuo, kwa takwimu za FBI, mauaji yalipungua kwa zaidi ya asilimia 11.

Haiwezekani karibu kila mtu akae mahali salama katika nchi inayoteketea. Ina maana kuna picha ya nchi ambayo watu wameipata pengine, si kwa macho yao. Na wanaostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni wakazi wa viunga: ile mitaa ya nje ya majiji, yenye nyumba zilizojitenga, nyasi mbele na gereji pembeni, ambako huishi karibu nusu ya Wamarekani. Wengi wao hawajawahi kuvamiwa wala kushuhudia mtu akipigwa risasi. Wanachokijua kuhusu uhalifu wamesimuliwa. Basi tumtazame msimuliaji.

Chukua Philadelphia. Vituo vya runinga vya jiji hilo havilitangazii jiji peke yake. Vinahudumia nyumba karibu milioni 3 zilizotapakaa katika majimbo matatu: Pennsylvania, New Jersey na Delaware. Mkazi wa kaunti ya Bucks, kaskazini mwa jiji, ambako bado kuna mashamba na vijiji vya kale, anatazama taarifa ileile anayotazama mkazi wa North Philadelphia, eneo la jijini lenye uhalifu mwingi. Saa tano usiku mtangazaji anafungua: mtu kapigwa risasi, duka limevamiwa, gari limeporwa. Kila tukio ni la kweli. Lakini yameokotwa katika eneo lenye mamilioni ya watu, na katika eneo kubwa kiasi hicho hakuna usiku utakaokosa tukio. Mtangazaji anaziita habari za hapa kwetu. Mtazamaji wa Bucks, aliyekaa sebuleni kwake umbali wa mwendo wa saa nzima kutoka pale palipotokea kisa, anasikia "kwetu".

Philadelphia si mfano wa kubahatisha. Mwaka 1965 kituo cha KYW cha jijini humo, chini ya mkurugenzi wake wa habari Al Primo, kilianzisha mtindo wa kuwatoa waandishi studio na kuwapeleka kusimama mahali pa tukio. Mwaka 1970 mshindani wake, WFIL, akaja na mtindo wa habari fupifupi za harakaharaka. Mitindo hiyo miwili ikaigwa nchi nzima, na uhalifu unaitoshea yote miwili kama kiatu cha kupimwa. Chumba cha habari kinasikiliza redio ya polisi, kinatuma mpiga picha mmoja na mwandishi mmoja, wanakuta utepe wa njano, taa za buluu na nyekundu, na afisa wa polisi aliye tayari kusema mawili matatu. Dakika moja na nusu ya taarifa imepatikana kwa gharama ndogo. Kueleza kwa nini bajeti ya shule imepungua kunahitaji siku kadhaa za kazi, na mwisho wake hakuna picha ya kuonyesha.

Jambo jingine ni kwamba kupungua kwa uhalifu si tukio. Hakuna mahali pa kupeleka kamera usiku ambao hakuna aliyeuawa. Kati ya 1993 na 2022 kiwango cha uhalifu wa kutumia nguvu nchini Marekani kilishuka karibu nusu kwa hesabu za FBI, na badiliko hilo kubwa lilipita polepole, bila siku moja ya kulitangaza. Hata aina za uhalifu hugeuzwa kichwa chini. Mwaka 2022 makosa ya wizi wa mali yaliyoripotiwa yalikuwa 1,954 kwa kila watu 100,000, na ya kutumia nguvu 381. Mauaji yalikuwa 6 na kidogo. Kilicho adimu kuliko vyote ndicho kinachofungua taarifa, na wizi wa baiskeli uani, ambao ndio unaoweza kumpata mkazi wa kiungani, hautajwi.

Je, kusikia habari hizo kwenyewe kunamtia mtu hofu? Hapa ndipo utafiti unaposema jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwaka 1990 Allen Liska na William Baccaglini walilinganisha hofu ya wakazi wa miji 26 ya Marekani na jinsi magazeti yao yalivyoandika kuhusu mauaji. Mauaji ya mji wenyewe, yakiwekwa kurasa za mbele, yaliongeza hofu. Mauaji ya mbali yaliipunguza. Linda Heath alikuwa amekuta jambo linalofanana na hilo mwaka 1984: ukatili usio na sababu inayoeleweka, ukitokea karibu, unatisha, ukitokea mbali, msomaji anashukuru anakoishi. Kwa hiyo wingi wa habari za uhalifu si hoja yenyewe. Kinachoamua hofu ni umbali anaohisi msomaji kati yake na kisa. Runinga ya eneo zima inaufuta umbali huo kila usiku.

Historia ina kipindi kinachoonyesha nguvu hiyo waziwazi. Machi 1992, Wamarekani 5 tu katika kila 100 walitaja uhalifu kuwa tatizo kuu la nchi. Agosti 1994 walikuwa 52. Uhalifu haukupanda mara kumi katika miezi hiyo. Ulikuwa umeanza kushuka. Dennis Lowry na wenzake walipochambua kipindi hicho katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003, walikuta habari za runinga za kitaifa zinaeleza mabadiliko ya maoni karibu mara nne zaidi ya takwimu za uhalifu wenyewe. Katikati ya kipindi hicho, Oktoba 1993, msichana wa miaka 12 alitekwa chumbani kwake huko Petaluma, mji mdogo tulivu wa California, akauawa. Nchi nzima ilifuatilia. Machi 1994 California ikapitisha sheria ya kumfunga miaka 25 hadi maisha mtu aliyepatikana na hatia kwa mara ya tatu baada ya makosa mawili mazito ya awali, na kwa miaka mingi kosa hilo la tatu liliweza kuwa wizi mdogo. Kilio cha familia ile kilikuwa cha haki kabisa. Lakini sheria iliyopata nguvu kutokana na kisa kimoja cha kutisha iliwafunga maelfu ya watu ambao visa vyao havikufanana nacho hata kidogo.

Kisa cha kiungani kina uzito wake wa pekee katika habari. Jirani akisogezewa kipaza sauti husema hatukutegemea jambo kama hili litokee hapa. Ni maneno ya uchungu, na anayeyasema hana kosa. Ila kwa mtazamaji wa kiunga kingine yanafanya kazi mbili: yanamwambia mahali pale palikuwa kama kwake, kisha yanamwambia hata pale pameingiliwa. Wala hapati kusikia kwamba huko mjini majirani hawaulizwi hivyo, kana kwamba huko visa kama hivyo vinategemewa.

Lazima niseme kwamba wapo waliotilia shaka hoja hii tangu zamani. George Gerbner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alifundisha kwamba watazamaji wakubwa wa runinga huiona dunia kuwa katili kuliko ilivyo. Mwaka 1979 Anthony Doob na Glenn Macdonald walilipima jambo hilo Toronto, mjini na viungani, katika maeneo yenye uhalifu mwingi na yenye uhalifu mchache. Walipozingatia hali halisi ya mtaa, uhusiano wa jumla kati ya runinga na hofu ulitoweka. Ulibaki katika eneo la mjini lenye uhalifu mwingi. Huenda wenye hofu ndio wanaojifungia ndani na kutazama runinga. Pingamizi hilo ni zito, na ushahidi mzuri wa kulijibu ulitoka Italia. Kati ya 2008 na 2012 nchi hiyo ilihamia matangazo ya kidijitali, mkoa baada ya mkoa, na watu ghafla wakapata chaneli nyingi mpya na kutazama kidogo zile za zamani, zilizojaa habari za uhalifu. Nicola Mastrorocco na Luigi Minale waliona kwamba mikoa ilipohama, wasiwasi kuhusu uhalifu ulipungua, hasa kwa wazee wanaotegemea runinga. Hapo hakuna aliyechagua kuhama kwa sababu ya hofu yake. Mitambo ndiyo iliyobadilika.

Viunga vya Marekani vina jeraha lake pia, na bila kulitaja maelezo haya yatakuwa nusu. Levittown, kiunga maarufu kilichoanza kujengwa New York mwaka 1947, kilikuwa na mikataba iliyokataza nyumba zake kukaliwa na mtu asiye Mzungu. Mitaa mingi ya namna hiyo iliuzwa kama kimbilio. Habari za mjini zinapoingia sebuleni humo, zinakutana na mpaka uliochorwa zamani. Franklin Gilliam na Shanto Iyengar waliwaonyesha wakazi wa Los Angeles taarifa ya habari ya dakika 15 yenye kisa cha uhalifu. Wengine walionyeshwa mtuhumiwa Mweusi, wengine Mzungu, kwa picha ya mtu yuleyule iliyobadilishwa rangi ya ngozi kwa kompyuta. Wengine hawakuonyeshwa mtuhumiwa yeyote. Wengi wa kundi hili la mwisho walisema baadaye kwamba wamemwona, na wengi wao wakasema alikuwa Mweusi. Macho yao hayakuona kitu. Mazoea ya miaka ya taarifa za habari ndiyo yaliyojaza nafasi.

Hofu iliyopewa sura namna hiyo haibaki sebuleni. Februari 2020 Ahmaud Arbery, kijana Mweusi wa miaka 25, alikuwa akikimbia katika mtaa wa Satilla Shores, Georgia. Wanaume watatu Wazungu walimfukuza kwa magari, mmoja akampiga risasi akafa. Walidai walimdhania mwizi. Novemba 2021 wote watatu walipatikana na hatia ya mauaji. Siwezi kulibebesha gazeti au kituo chochote damu hiyo. Ninachosema ni kwamba dhana ya aina hiyo haiibuki siku moja.

Sasa hata mhariri hahitajiki. Nextdoor, mtandao wa majirani, ulizinduliwa mwaka 2011. Amazon iliinunua Ring, kampuni ya kengele za mlangoni zenye kamera, mwaka 2018, na mwaka huo ikaja programu ya kusambaziana video za waliopita mlangoni. Waliomo katika makundi ya WhatsApp ya mitaa ya Dar es Salaam au Nairobi wanalijua jambo hili: mtu asiyefahamika akisimama langoni dakika mbili, picha yake imeshafika simu mia. Huko Oakland, California, wakazi walilalamika kwamba machapisho yanawataja Weusi kuwa washukiwa bila kosa lolote. Mwaka 2016 Nextdoor ikabadilisha fomu yake: ukitaja rangi ya mtu, lazima ueleze na mengine, kama nguo, viatu au nywele. Swali hilo la ziada linamlazimisha mwandikaji atafakari kabla ya kubonyeza: je, niliona tendo, au niliona mtu tu?

Vyombo vikubwa navyo vimeanza kujisahihisha. Juni 2021 shirika la habari la Associated Press lilitangaza kwamba halitawataja tena kwa majina watuhumiwa wa makosa madogo katika habari fupi, kwa sababu mara nyingi halifuatilii kesi hadi mwisho. Sababu hiyo inagusa kiini cha tatizo. Mtazamaji huambiwa mtuhumiwa bado anasakwa; siku anapokamatwa, au anapoachiwa kwa kuwa hakuhusika, kamera iko kwenye tukio jingine.

Wala dawa si kunyamaza. Mastrorocco, safari hii akiwa na Arianna Ornaghi, alichunguza vituo vya Marekani vilivyonunuliwa na kampuni moja kubwa ya runinga na baada ya hapo vikapunguza habari za uhalifu wa miji ya eneo lao. Polisi wa miji hiyo walianza kutatua visa vichache zaidi vya uhalifu wa kutumia nguvu. Habari za uhalifu wa mji wenyewe zilikuwa zikiwafanya polisi wafanye kazi, na zilipoondoka, waliopoteza ni waathirika wa humo humo.